Pampu Kumi na Mbili za Shangazi

4 Februari

Mwanangu Mdadisi,

Marahaba, maana najua shikamoo yako iko njiani. Sisi huku hatujambo. Baba yako goti linamsumbua na bado anakataa kwenda hospitali, eti daktari ni mdogo kuliko viatu vyake. Mama yako amepaka jikoni rangi ya kijani, nami nimeamua kutosema kitu. Paa langu linavuja palepale, juu ya meza, nimeweka beseni. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu unanijua: simu haina nakala. Barua hii nimeiwekea karatasi ya kaboni na nakala itakaa kwenye faili lako pamoja na nyingine zote.

Sasa jambo lenyewe. Mimi ni Mkurugenzi Mtendaji.

Cheka umalize, kisha endelea kusoma. Tangu nistaafu stoo ya chuo cha ufundi ni miezi minane. Nimeshahesabu vijiko vya humu ndani mara tatu, na hakuna kilichopotea. Basi Jumamosi moja akaja bwana amevaa tai, Jumamosi nakwambia, na tangu siku hiyo namwita Bwana Tai. Alipata habari zangu kwa mwalimu mmoja wa karakana. Kampuni yake inaagiza mitambo kwa ajili ya vyuo, hospitali na wakulima, na inatafuta mtu msafi, asiye na doa, anayeheshimika. "Watu kama wewe, mama, wamebaki wachache," akasema. Nilikubaliana naye papo hapo.

Ofisi ni chumba kimoja ghorofani, juu ya duka la magodoro. Kuna meza, kiti kinachozunguka, birika, kalenda ya mwaka jana na mhuri wenye jina langu. Kazi yangu ni kusaini. Anakuja kila Jumanne, ananiwekea karatasi, nasaini, anaondoka. Kinachonikera ni kimoja tu: hakuna stoo. Mitambo inaingia na kutoka mimi siioni hata kwa picha. Nimeshamwambia hilo halitaendelea.

Naambatanisha kadi zangu mbili. Moja yako, nyingine mwonyeshe bosi wako. Na wewe huko benki siku hizi unafanya nini hasa? Baba yako anawatangazia watu kwamba unashika funguo za hazina.

Shangazi yako,
Mkurugenzi Mtendaji


27 Februari

Shikamoo Shangazi, na hongera Mheshimiwa Mkurugenzi.

Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa kwenye semina. Mimi mzima, ila mwenye nyumba wangu ameamua kufuga bata chini ya dirisha langu. Mwambie baba daktari akiwa mdogo ndiyo vizuri, atakuwa na miaka mingi ya kubishana naye. Hiyo kijani ya jikoni ni ya majani au ya kuta za kituo cha polisi? Na beseni unalimwaga mara ngapi kwa siku?

Sishiki funguo zozote, Shangazi. Hata za choo cha ofisi anashika mtu mwingine. Niko dawati la malipo ya biashara. Mtu akinunua mzigo nje ya nchi au akiuza nje, karatasi zake zinapita kwangu kabla malipo hayajatoka. Nazisoma. Ndiyo kazi yote.

Semina yenyewe ilihusu ufadhili wa silaha za maangamizi. Tulikaa siku tatu kwenye ukumbi wenye baridi, tukala biskuti, tukaambiwa kwamba usalama wa taifa uko mikononi mwetu. Mwezeshaji alikuwa na picha mia moja na arobaini na kalamu yenye taa nyekundu. Nilikwenda kusinzia, nikarudi nimeogopa. Mimi nilidhani anayetaka bomu ananunua bomu. Kumbe ananunua vipande: vali hapa, pampu pale, bomba la chuma maalumu kwingine, na kila kimoja karatasi yake inasema ni cha kiwanda cha maziwa. Serikali iliyopigwa marufuku kununua haiji yenyewe dukani. Inatafuta nchi isiyotazamwa sana, inafungua kampuni ndogo yenye jina zuri, inamweka mtu mwenye heshima zake asaini. Sisi ndio hiyo nchi isiyotazamwa sana. Mwezeshaji alilisema hilo kwa upole, utadhani anatusifu. Na likigundulika, benki zetu zinafungiwa milango huko nje, kulipia dawa za hospitali na mafuta kunakuwa shida, achilia mbali wale watakaoangukiwa na hilo bomu.

Halafu kuna sheria moja. Tukimtilia mteja shaka tunajaza fomu inakwenda juu, na ni marufuku kumtonya. Si yeye tu, hata ndugu zake, hata kwa kukonyeza. Ukimtonya, kifungo. Mdomo huu wangu, mimi nitaiweza kweli hiyo?

Sasa kampuni yako. Mwenyewe hasa ni nani? Bwana Tai ana jina? Kwa nini juu ya duka la magodoro? Ni vyuo gani vimenunua? Mzigo unatoka wapi kwenda wapi? Ukifika unakaa au unapita tu? Nani analipa? Kwa nini wanatafuta mtu msafi, wao wamechafukia wapi? Ulichosaini umekisoma? Chote? Na kwa nini kalenda ya mwaka jana?

Nisamehe, ndivyo ulivyonilea. Bosi nimemwonyesha kadi. Ameisifu karatasi yake.

Wako,
Mdadisi


20 Machi

Mwanangu,

Sisi wazima. Goti limekubali kwenda hospitali, mwenye goti bado.

Umeuliza maswali kumi na manne. Nimeyahesabu, kama ninavyoyahesabu tangu una miaka saba, ulipoandika kutoka shule ya bweni kuuliza kama yule mbuzi amekukumbuka. Pembeni ya kila barua yako naandika idadi kwa penseli. Rekodi yako ni thelathini na moja, na siku hiyo ulikuwa na homa.

Majibu: kijani ya polisi. Mara mbili, mvua ikinyesha mara nne. Kufunga mdomo, hapana, huwezi, tafuta kazi nyingine. Magodoro ni kwa sababu kodi pale ni nafuu. Kalenda ina picha nzuri. Hayo mengine ni siri za kampuni, maana hata mimi siyajui.

Ila habari kubwa ni kwamba mzigo wa kwanza umefika, masanduku kumi na mawili ya mbao. Bwana Tai alikuja na karatasi mbili, ya kupokea na ya kusafirisha tena, nisaini zote siku ileile. Nikamuuliza masanduku yako wapi. "Bohari, mama, usijisumbue." Mwanangu, miaka thelathini na moja sijawahi kusaini sanduku lililofungwa. Mkuu wa chuo wa pili alijaribu kunilazimisha, na aliyehamishwa ni yeye. Kesho yake asubuhi nikatia nyundo kwenye mkoba, nikaenda bohari mwenyewe.

Karatasi zinasema pampu za maji za kilimo. Nikafungua. Pampu za maji wapi! Vitu vimelazwa kwenye sponji kama mayai, vinanukia mafuta mapya, midomo yake laini unajiona sura. Karakana yetu ya majokofu ilikuwa na moja ya namna hiyo, ndogo. Kazi yake ni kuvuta hewa ndani ya chombo mpaka kisibaki chochote. Ukiitia maji umeiua. Nikajua muuzaji amekosea maelezo, watu wa siku hizi hawasomi wanachoandika. Basi nikamsaidia. Nikapiga mstari juu ya "pampu za maji za kilimo", nikaandika kwa mkono "pampu za kuvuta hewa, daraja la juu sana", nikasaini pembeni, nikagonga mhuri, nikazipeleka karatasi benki kwa miguu yangu ili malipo yasichelewe. Ni benki ya kwenu hiyohiyo, tawi la huku.

Kisha nikaziandikisha. Unaikumbuka ile kalamu ya umeme ya kuchongea chuma waliyonizawadia siku ya kuniaga? Kila pampu nimeichonga nambari, STOO/1/01 mpaka STOO/1/12. Nimechonga pale mdomoni, kwenye ule uso laini, maana mwizi hawezi kupafuta bila kuharibu kitu chenyewe. Zote zimeingia kwenye leja. Nikapigilia mbao, keshokutwa yake zikapandishwa meli.

Bwana Tai aliposikia nimesahihisha karatasi aliketi kwenye kile kiti akazunguka nusu duara, akabaki anatazama ukuta. Hata ahsante hakusema. Habari ya nambari sijamwambia, nimeiacha iwe zawadi.

Shangazi yako,
M. M.


14 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Mimi mzima. Bata wa mwenye nyumba wametaga. Ofisini tumeletewa viti vipya, vina mikono pande zote mbili. Mama ameniandikia kwamba goti la baba limepata nafuu baada ya sindano, nimefurahi sana. Mvua huku imechelewa.

Nimehamishiwa dawati lingine kwa muda, la kupanga majalada ya zamani. Kazi ni nyepesi na natoka mapema.

Barua yako ya tarehe 20 Machi nimeipata na nimeisoma. Kadi yako bado ninayo. Wasalimie wote.

Mdadisi


5 Mei

Mwanangu,

Barua hii haina nakala. Ni ya kwanza tangu nijue kuandika. Ukishaisoma, jiko lako unalijua.

Baba yako hajambo, ameanza hata kumsifia yule daktari.

Nilipopokea barua yako nilichukua penseli kama kawaida. Nikasoma, sikupata cha kuhesabu. Nikasoma tena. Nikaandika sifuri pembeni, nikakaa naitazama. Mtoto aliyeuliza habari za mbuzi. Nimekuandikia masanduku, bohari, pampu zisizofanana na karatasi zake, benki ya kwenu, na wewe unaniambia bata wametaga. Kwanza nikadhani unaumwa. Kisha nikadhani nimekuudhi. Kisha nikatoa barua yako ya Februari, nikaisoma polepole kuanzia pale penye mtu mwenye heshima zake, nikafika pale penye sheria. 

Sikuulizi kitu. Nawe usinijibu.

Kesho yake nilikwenda ofisini na barua ile ya Februari mkobani, nikamsomea Bwana Tai maswali yako yote kumi na moja ya kampuni, moja baada ya jingine. Alijibu matatu. Jina lake, ambalo silo lile alilonipa mwanzo. Kalenda, alisema waliikuta. Na la mwenye kampuni. Hapo alitabasamu, akafungua droo, akanionyesha. Mwenye kampuni ni mimi. Peke yangu, kwa sahihi ishirini na mbili, zote nzuri. "Mzigo wa pili uko njiani, mama," akasema. "Safari hii usisahihishe kitu. Likiharibika, jina lililo mlangoni si langu."

Nimeingia mkenge, mwanangu, mtu mzima na mvi zangu. Na kilichoniingiza si mshahara. Ni ile kadi. Kwa miezi minane hakuna aliyekuja kuniuliza kitu kiko wapi, halafu mtu akanichapishia kadi yenye cheo. Naona aibu hata kukaa meza moja na baba yako.

Nitakachofanya sikuandikii. Usije ukakijua kabla ya wakati wake.

Shangazi yako


30 Juni

Shikamoo Shangazi,

Huu mwezi wa pili sina barua yako. Baba anasema umefunga nyumba, umesafiri kikazi. Mama anasema nisimuulize baba. Bata wamekuwa tisa.

Unakula? Unalala? Nani anamwaga beseni?

Ni hayo matatu tu. Mengine nimeyameza.

Mdadisi


2 Agosti

Mwanangu Mdadisi,

Nakula. Nalala. Mama yako. Maswali matatu nimeyaandika pembeni, na sikujua kama penseli inaweza kumfurahisha mtu hivyo. Barua hii ina nakala, na wale wanaoisoma pamoja nawe nawasalimu, natumaini hawajambo.

Tarehe 7 Mei nilichukua leja yangu nikaenda kituo cha polisi kusema kwamba kampuni yangu inasafirisha vitu vya kutengenezea silaha. Askari wa kaunta akaniuliza silaha ziko wapi. Nikasema ni pampu. "Pampu si silaha, mama. Nenda idara ya maji." Idara ya maji wakasema kwa kuwa karatasi imeandikwa kilimo, niende kilimo. Bwana kilimo alinisikiliza vizuri sana, kisha akauliza kama anaweza kupata moja ya kujaribia bustani yake. Nilizunguka siku nne kuusaka usalama wa taifa, na kila ofisi walikuwa wametoka kunywa chai. Siku ya tano, mlango usio na kibao, bwana mmoja mpole aliisoma leja mpaka STOO/1/12, akainuka akafunga mlango. Kumbe faili langu lilikuwapo mezani kwake tangu Aprili, nene kuliko la mstaafu yeyote nchini. Walikuwa wanangoja mzigo wa pili wanikamate nikisaini.

Wakanikalisha nyumba ya wageni ya serikali wiki kumi, kwa usalama wangu au wao, sikuelewa. Godoro lilikuwa zuri, nadhani nalijua duka.

Huko ndiko nilikoonyeshwa fomu. Jina la aliyeripoti wamelifunika kwa wino mweusi. Chini yake kuna kisanduku kinachouliza kama anayejaza ana uhusiano na mteja. Hicho hawakukifunika. Kimeandikwa: "Ndiyo. Ni shangazi yangu." Mimi ninaitwa shangazi na watu wawili duniani, na mmoja ni kaka yako fundi viatu ambaye hajawahi kujaza fomu. Nimewashauri wanunue kalamu pana zaidi.

Nimeisoma fomu yote. Hukuacha kisanduku kitupu. Nililia, usidhani sikulia. Nilikuona umekaa mezani na mwandiko wangu mbele yako, uleule niliokuandikia jina kwenye madaftari, na wewe unaandika ulichopaswa kuandika. Iliniuma na inaniuma. Kisha nikafuta uso nikamwambia yule bwana mpole kwamba huyo aliyejaza hii nimemlea mimi.

Sasa pampu zangu. Zimerudi! Mnunuzi, ambaye kwenye karatasi ni chama cha wakulima wa mboga, ameandika barua ya hasira kurasa nne. Midomo ya pampu imekwaruzwa kwa nambari, haziwezi kushika utupu hata robo saa, kazi yake imesimama, anataka fidia. Wakulima wa mboga, mwanangu, wanalilia utupu. Barua ilimfikia Bwana Tai ikiwa imeshasomwa na watu wengine. Walimkuta bohari amepiga magoti, ameshika msasa, anasugua STOO/1/04. Alisema anafanya usafi. Nambari ilikuwa inasomeka vizuri kabisa.

Kwa hiyo yeye yuko ndani, na mimi nimerudi nyumbani, lakini bado nimekalia kuti kavu. Ikiwa nilikwenda polisi kwa akili yangu mwenyewe, mimi ni shahidi. Ikiwa nilitonywa, mimi ni mshtakiwa aliyekimbilia kujiokoa, na aliyenitonya ana kifungo chake. Waliniuliza mara kumi na tisa nani alinitonya. Nikawaambia hakuna aliyeniambia kitu, na hiyo ni kweli tupu.

Wapelelezi watatu wamelisoma faili letu la barua, lote. Ile yako ya tarehe 14 Aprili waliisoma mara nne. Mmoja aliiinua kwenye taa. Akaniuliza "bata wametaga" maana yake nini. Nikamwambia maana yake bata wametaga. Hao wawili waliridhika. Wa tatu ni binti mwenye miwani, haongei. Alikuwa anapitisha kidole pembeni mwa barua zako, kwenye nambari za penseli, na ile nakala yangu ya Machi alikuwa nayo mkono wa pili. Aliuliza hizo nambari ni za nini. Nikasema ni mambo ya stoo. Akaandika jibu langu, ila polepole. Wameniachia faili, wamechukua orodha ya barua zilizomo. Tarehe 20 watakuja kulichukua rasmi kwa ajili ya mahakama.

Kuna swali moja ambalo sitakuuliza, leo wala nikiwa kitandani nakufa.

Shangazi yako


12 Agosti

Shikamoo Shangazi,

Nami nawasalimu wanaosoma. Huku wazima, bata tumebaki nao saba, mbwa wa jirani anajua walipo wawili.

Tumefanyiwa semina nyingine, mwezeshaji yuleyule, ukumbi uleule. Safari hii ukutani kulikuwa na picha ya pampu, kubwa kuliko mlango, STOO/1/04 na mikwaruzo ya msasa, na kando yake ile karatasi uliyoisahihisha. Kwa kuwa kesi haijaisha jina lako wamelifunika. Mhuri wenye jina lako hawakuufunika. "Mwenzetu mmoja," akasema mwezeshaji, na ile taa nyekundu ikatua kifuani kwangu, "aliripoti damu yake mwenyewe, na hakumwambia neno." Watu mia moja wakasimama kunipigia makofi. Nilitazama biskuti zangu mpaka walipochoka. Wananipa cheti.

Shangazi, nilipofika kwenye kile kisanduku mkono ulilowa jasho mpaka karatasi ikajikunja. Nilijua wakikukosea hata kidogo utazeekea ndani kwa mwandiko wangu. Nilijaza. Ningerudi siku ile ningejaza tena, na sijapata usingizi mzuri tangu hapo. Naomba unisamehe. Sijui naomba kwa lile nililoandika au kwa lile ambalo sikuandika, wewe nisamehe yote mawili.

Paa limezibwa? Birika la ofisini umelichukua au umewaachia? Bado umenikasirikia? Yule binti mwenye miwani atarudi yeye mwenyewe? Nije?

Mdadisi


21 Agosti

Mwanangu Mdadisi,

Karatasi ya kaboni imeniishia, kwa hiyo hii utabaki nayo wewe tu.

Maswali matano. La kwanza: bado. La pili: birika limo kwenye leja, nimelichukua. La tatu: ndiyo, na nadhani itanichukua mpaka mwisho wa mwaka, usinisukume.

La nne: alirudi jana na wenzake. Wao walikunywa chai, yeye akahesabu barua akizilinganisha na orodha. Akahesabu tena. Ilipungua moja. Nilikuwa nimeshamwandalia karatasi yake, nami naiandika upya hapa uione.

TAARIFA YA UPOTEVU
Kitu: barua, moja, ya tarehe 14 Aprili.
Maelezo: habari za bata, viti na goti.
Sababu: uzembe wa mtunza stoo.
Vitu vilivyopotea chini ya mtunza stoo huyu katika miaka thelathini na moja: sifuri.
Baada ya hapo: kimoja.

Aliisoma yote. Akatazama jiko, akatazama beseni, akanitazama mimi. Wenzake wakamwambia barua yenyewe si ilikuwa ya bata, tuondoke. Akaniuliza kama kweli nataka kuweka sahihi yangu kwenye karatasi ya namna hiyo, mtu wa stoo kama mimi. Nikaweka. Mwandiko, mwanangu, haukufanana na wangu. Akaikunja akaitia kwenye mkoba wake, akasema kesho wataniandikisha kuwa shahidi, nije saa tatu.

La tano: njoo.

Shangazi yako,
mtunza stoo mstaafu